Bahari Iliyofanywa Hifadhi: Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma

Mwaka 2000 Serikali ya Tanzania ilitangaza ya kwamba ukanda wa bahari na nchi kavu ulio kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, tangu Ras Msangamkuu hata kufikia mpaka wa Msumbiji, umekuwa hifadhi. Jina lililoandikwa katika karatasi za Serikali ni refu: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 650 hivi, na theluthi mbili hivi za eneo hilo ni maji. Ndani yake mna matumbawe ya aina zaidi ya 250, mna misitu ya mikoko, visiwa vidogo kama Namponda na Mongo, na mchanga ambao kasa huupanda usiku kutaga mayai. Mtoni mna viboko na mamba. Na wakati wa kusi nyangumi hupita nje ya miamba pamoja na watoto wao. Tena ndani yake mna vijiji, kama vile Msimbati, Nalingu na Litembe, vyenye misikiti yake, minazi na mikorosho yake, na maelfu ya watu ambao babu zao walivua hapo kabla ya sheria yoyote ya bahari kuandikwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo linaloifanya historia ya hifadhi hii iwe na ugumu wake. Habari za wanyama na hifadhi za Tanzania zimezoeleka kuwa habari za bara: Serengeti, Ngorongoro, na misitu ya Rufiji. Huko mwenyeji amehesabiwa kuwa mgeni mahali pa wanyama. Katika Ghuba ya Mnazi hesabu hiyo haikuwezekana, lakini desturi za bara zilifika pwani pamoja na maneno yake, na ni vyema kuyatazama maneno hayo kwanza.

Neno hifadhi ni la Kiarabu kwa asili, nalo liliishi katika Kiswahili muda mrefu kabla ya kuwa jina la mahali. Mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani. Mtu hutoka nyumbani akiombewa hifadhi ya Mungu. Mwenye amana huihifadhi mpaka mwenyewe arudi. Katika matumizi haya yote mlinzi na kilindwacho wako pamoja. Kurani iliyohifadhiwa imo kifuani mwa mtu, haikufungiwa mahali asipofika. Kwa upande wa wanyama, neno lililotumika zaidi kwa miaka mingi lilikuwa mbuga. Mbuga kwa asili ni nchi tambarare yenye majani, aghalabu yenye udongo mweusi ushikao maji wakati wa masika. Lakini sifa za Serengeti zilipoenea, neno likapanuka hata watu wakaita mbuga mahali penye msitu mnene na milima. Ilipofika zamu ya bahari, neno hilo halikuweza kupanuka tena, maana hapana awezaye kusema mbuga ya samaki bila ya kuchekwa. Hifadhi ikachukua nafasi. Sheria iliyohusika, Namba 29 ya mwaka 1994, ikatofautisha hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Tengefu ni neno zuri lenye asili ya Kibantu, nalo linasema wazi maana yake: kilichotengwa. Hifadhi haisemi hivyo, na kwa sababu hiyo huweza kutumika kwa maana mbili, kutunza na kuzuia, na msikilizaji asijue mara moja ni ipi iliyokusudiwa.

Maana ya pili ina historia yake. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika koloni lake, na kutenga maeneo mawili ya wanyama, moja upande wa Kilimanjaro na jingine upande wa Rufiji. Hili la Rufiji ndilo mzizi wa eneo lililopewa baadaye jina la Selous, yule mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani huko Beho Beho Januari 1917. Wananchi hawakulijali jina hilo. Waliliita Shamba la Bibi, wakisimulia ya kuwa Kaizari alimpa mkewe zawadi. Kisa hicho ni cha kusimuliwa tu, lakini neno shamba lilichaguliwa kwa akili sana. Shamba lina mwenyewe, na aingiaye bila ruhusa ni mwizi. Katika miaka ya 1940 watu wengi wa upande wa Liwale, ambao ni jirani wa karibu wa Mtwara, walihamishwa kwa sababu ya malale na tembo, na nchi yao ikaongezwa katika eneo hilo. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali pao pamoja na wanyama.

Visiwa navyo havikusahauliwa. Rubondo, katika Ziwa Viktoria, kilifanywa pori la akiba katika miaka ya 1960 na Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Wakazi wake walihamishwa, kisha wanyama wakaletwa kwa vyombo: sokwe 17 waliotoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, pamoja na twiga, tembo na vifaru. Kisiwa kilichokuwa na wavuvi kikawa na sokwe waliokulia katika vizimba vya Ulaya. Sokwe hao walizoea msitu na wakazaliana, jambo ambalo ni la ajabu kwa kweli. Hata hivyo Rubondo yaonyesha kwa uwazi kuliko mahali pengine popote jinsi wazo la hifadhi lilivyoelekea: kwanza watu watoke, ndipo hifadhi ianze.

Pwani ya Ruvuma ilikuwa na mambo ya wanyama na safari tangu zamani, ila kwa maana nyingine. Mikindani, bandari ya kale iliyo karibu na Mtwara, ilikuwa mlango wa njia iendayo Ziwa Nyasa. Kwa watu wa huko safari ilikuwa msafara wa miguu wa miezi mingi, uliorudi na pembe za ndovu, sandarusi, na watumwa. Ndovu aliingia Mikindani akiwa meno tu. Neno hilohilo lilipochukuliwa na Waingereza likawa la uwindaji wa bunduki, na baadaye la kutazama wanyama kutoka garini. Leo mgeni hulirudisha Afrika Mashariki akidhani kwamba hiyo ndiyo maana yake ya kwanza.

Machi 1866 David Livingstone alifika mdomoni mwa Ruvuma na jahazi lenye wanyama aliowaleta kutoka Bombay: ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o kuliko ng'ombe na farasi. Mto huo aliujua, maana alikwisha kuujaribu kwa meli mwaka 1861 na kwa mashua mwaka 1862, na mara zote mbili haukumpitisha alikotaka. Safari hii hata kushusha wanyama hakuweza, kwa ajili ya mikoko na matope. Akageuka kwenda Mikindani, akawashusha huko, na mwanzoni mwa Aprili akaanza kwenda bara pamoja na watu wake, miongoni mwao Chuma na Susi. Ngamia na nyati hawakufika mbali. Kwa historia ya hifadhi, kisa hiki kina faida moja: mikoko ileile iliyomzuia Livingstone ndiyo iliyohesabiwa, miaka 134 baadaye, kuwa sababu kubwa ya kuilinda nchi ile. Maingilio ya mto ni malezi ya kamba na samaki wachanga. Mikoko huvunja mawimbi na kushika udongo unaoletwa na mto kutoka bara, ambao ungeshuka juu ya matumbawe na kuyaua.

Jina lenyewe, maingilio, lafaa kusimamiwa kidogo. Katika Kiswahili huitwa pia mlango wa mto au mdomo wa mto. Mlango na mdomo vina kingo; maingilio hayana. Neno halielezi nani anayeingia, mto baharini au bahari mtoni, na katika Ruvuma mambo yote mawili ni kweli kila siku mara mbili. Maji yajaapo, chumvi hupanda hadi ndani ya mikoko. Yapwapo, maji matamu yenye tope hutoka mbali baharini. Mafungu ya mchanga huhama mwaka hata mwaka. Jina Ruvuma lina kiambishi kilekile kilicho katika Rufiji, Ruaha na Lukuledi, na shina lake hufanana na kitenzi kuvuma. Atakayesimama hapo wakati wa masika hatalishangaa.

Hata hivyo ni mahali hapo hasa ambapo watawala walipenda kuchora mistari. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mto uwe mpaka kati yao, ingawa Sultani wa Unguja alidai pwani hadi Tungi, kusini zaidi. Wareno wakaitwaa Tungi mwaka uliofuata. Mwaka 1894 Wajerumani walivuka mto wakaichukua Kionga, pembe ndogo ya nchi iliyo ng'ambo ya kusini. Wareno wakairudisha kwa silaha Aprili 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Mwaka 1988 Tanzania na Msumbiji, nchi mbili huru, zilitia saini mkataba wa mpaka wa baharini. Pande zote mbili za mto wapo Wamakonde, na katika mwambao wa kusini wapo wasemao Kimwani, lugha iliyo jirani sana ya Kiswahili. Mwani huko maana yake ni pwani. Mvuvi wa Msimbati na mvuvi wa Palma huelewana bila mkalimani.

Hata raia mmoja alijaribu kuchora mstari wake. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza, Mwingereza mmoja mstaafu, Latham Leslie-Moore, aliyekuwa akiishi Msimbati, alitangaza kwamba rasi ile ni nchi huru na kwamba yeye ndiye sultani wake. Baada ya uhuru wa Tanganyika aliondolewa. Watu wamekicheka kisa hicho, na kweli chachekesha. Lakini yule mzee hakufanya jambo jipya. Alitangaza tu, kwa wino, utawala juu ya mahali ambapo wenyewe hawakuulizwa.

Mtwara ya leo ni mji wa wino kadhalika. Wenyeji husimulia kwamba jina lake latokana na Kimakonde, kutwala, yaani kutwaa. Mji ulikua kwa sababu ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Bandari ya maji marefu ilijengwa ili kupakia karanga za Nachingwea, na reli ikatandikwa. Mpango ukavunjika 1951, bandari ikabaki, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Kusini ikarudia kuwa mbali. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kila masika kwa miongo mingi, na wageni waliotafuta wanyama walielekea kaskazini.

Katika upweke huo bahari ilipata adui mpya, nao ni baruti. Tangu miaka ya 1960 wavuvi wengine walijifunza kurusha baruti penye matumbawe, kisha kuokota samaki waelekeao juu. Wengi zaidi huzama wasiokotwe, na tumbawe lililopasuka huchukua miaka mingi kuota tena. Sheria ya uvuvi ya 1970 ilikataza jambo hilo, lakini sheria ilikuwa mbali na baruti ilikuwa karibu. Kwingine matumbawe yalichimbwa na kuchomwa chokaa ya kujengea. Kufikia miaka ya 1990 milio ya baruti katika Ghuba ya Mnazi ilikuwa kitu cha kila siku.

Hapa ndipo penye jambo ambalo maelezo mengi ya hifadhi hii hulipita upesi. Walioanza kupinga baruti kwa nguvu walikuwa watu wa vijijini. Katikati ya miaka ya 1990 wavuvi na wanavijiji wa mwambao wa Mtwara, Lindi na Kilwa waliungana katika chama walichokiita Shirikisho. Walisaidiwa na mradi wa maendeleo wa mikoa ya Mtwara na Lindi uliogharimiwa na Ufini, lakini maneno na ushahidi vilikuwa vyao. Walisimama hadharani, mbele ya viongozi, wakaeleza jinsi baruti inavyopigwa na jinsi wakosaji wanavyoachiliwa. Yataka ushupavu kusema hivyo katika kijiji ambacho mpiga baruti ni jirani au shemeji. Mwishoni mwa miaka hiyo Jeshi la Wanamaji liliingia kazini na milio ikapungua sana, ingawa ilirudi miaka michache baadaye. Operesheni za vyombo vingi vya dola, tangu 2016, ndizo zilizoipunguza tena katika mwambao wote wa Tanzania.

Kwa hiyo hifadhi ilipotangazwa mwaka 2000, ulinzi wa bahari ulikwisha kuwapo Mtwara, nao ulikuwa mikononi mwa wale ambao sheria iliwaita watumiaji. Mfano uliofuatwa ulitoka Mafia. Kisiwa hicho, kilicho mkabala wa maingilio ya Rufiji, kilipata hifadhi ya kwanza ya bahari nchini mwaka 1995, nayo iliwakubali wakazi wake wabaki ndani na washauriane na Serikali. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Serikali ilikuwa imetangaza maeneo kadhaa ya bahari, kama Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam, lakini kwa miaka mingi tangazo hilo lilibaki katika karatasi tu. Mafia ilionyesha kwamba hifadhi bila ya kuhamisha watu yawezekana. Hilo ni tendo kubwa, na wale walioitunga sheria ya 1994 wanastahili sifa kwa hilo.

Lakini kubaki si sawa na kushiriki. Mpango wa hifadhi uligawa bahari katika kanda: mahali pasipovuliwa kabisa, mahali pa matumizi ya masharti, na mahali pa matumizi ya kawaida. Nyavu za macho madogo na juya zikakatazwa. Kwa mwenye mashua na mtaji, katazo hilo ni usumbufu. Aweza kwenda nje ya miamba. Kwa mwenye mtumbwi mdogo, na kwa mwanamke anayefuata maji yakipwa ili achokoe pweza au atande uduvi kwa kitambaa, bahari yote anayoweza kuifikia ni ile ya karibu, na hiyo ndiyo yenye masharti zaidi. Nyavu mbadala ziligawiwa, lakini wavuvi wengine walilalamika kwamba hazikutosha au hazikufaa. Katika vijiji vingine, Nalingu kikiwa mashuhuri zaidi, hifadhi ilikataliwa waziwazi. Si kweli kwamba waliokataa wote walikuwa wapiga baruti, kama ilivyosemwa wakati mwingine kwa wepesi. Wengine walikuwa wakiuliza swali la amana, yaani ni nani aliyemkabidhi nani.

Swali hilo lilizidi ukali kwa sababu ya gesi. Kisima cha kwanza katika Ghuba ya Mnazi kilichimbwa na shirika la Kiitalia, AGIP, mwaka 1982, yaani miaka 18 kabla ya hifadhi. Mistari ya 2000 ilipochorwa ilipita juu ya nchi ambayo tayari ilijulikana kuwa na gesi chini yake. Katika miaka ya 2000 visima vikafunguliwa, na Mtwara ikapata umeme wa gesi ya Msimbati. Kisha ikaamuliwa kujengwa bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Januari 2013, na tena Mei mwaka huohuo, wananchi wa Mtwara walipinga, majumba yakachomwa, wanajeshi wakaletwa, na watu wakapoteza maisha. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, pamoja na kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba.

Mtazamaji wa mbali aweza kusema kwamba gesi na kasa ni mambo mawili tofauti. Kwa mkazi wa Msimbati yalikuwa jambo moja. Kijijini pake, ndani ya hifadhi moja, wavu wa macho madogo ulikuwa kosa, na kisima cha gesi kilikuwa maendeleo. Wataalamu wana jibu: kisima kilichochimbwa kwa uangalifu hakichukui samaki wachanga, na juya huwachukua. Jibu hilo ni la kweli kwa kadiri yake, lakini lilitolewa kwa mtu ambaye hakuwa na neno katika mambo yote mawili.

Wageni wa safari nao hawakufurika. Wapo wafikao Msimbati na Ruvula kutazama pwani yake ndefu nyeupe, ambako magari hupita juu ya mchanga, na wapo wazamiao kuangalia matumbawe. Idadi yao haijapata kukaribia ile ya Mafia au Unguja, na ahadi ya kwamba fedha za wageni zingefidia samaki wasiovuliwa imebaki ndogo kuliko ilivyosemwa mwanzoni. Matumbawe yenyewe yalikwisha kupata pigo ambalo hakuna mlinzi angeweza kulizuia: joto la bahari la mwaka 1998, lililoyafanya yawe meupe na kufa sehemu nyingi za Bahari ya Hindi.

Kwa upande wa kusini hifadhi huishia kwenye mpaka wa nchi, yaani katikati ya maingilio. Ng'ambo hakuna hifadhi iliyoshikana nayo. Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, ambayo Msumbiji iliitangaza mwaka 2002, iko mbali zaidi kusini. Tangu vita vilipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, mto umekuwa mahali pa ulinzi wa namna nyingine. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilicho ukingoni mwa Ruvuma upande wa Tanzania, kilishambuliwa na nyumba zake zikachomwa. Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa, na watu wengi waliukimbilia mto. Wavuvi wa maingilio, waliokwisha kuulizwa na askari wa hifadhi nyavu zao zina macho mangapi, sasa wakaulizwa pia na askari wa mpakani wametoka wapi na walilala kwa nani.